Mama Nusu Kichwa

Mke wangu ni msusi, na hana nywele. Naanza na hilo kwa sababu ndilo linalowatoa wageni macho. Wanaingia saluni, wanamkuta mama wa miaka arubaini na minne, mfupi, amejaa, kichwani nywele fupi kabisa, wanauliza, "Msusi yuko wapi?" Akijibu kwamba ni yeye, wanamtazama kichwa, kisha wanatazamana. "Nywele nazishika tangu asubuhi mpaka jioni," huwaambia. "Mnataka na nyingine nilale nazo?"

Hizo kidogo alizo nazo nazinyoa mimi. Mimi ni kinyozi. Duka langu na saluni yake vimeegemea ukuta mmoja, na kwenye ukuta huo tulitoboa kidirisha cha kupitishia chai, maana jiko la kuchemshia liko upande wake. Kidirisha hakina kioo, kina kipande cha ubao cha kusogeza, na ubao huo mchana huwa wazi. Basi kila linalosemwa saluni linanifikia. Sisikilizi, nasikia. Wateja wangu wanajua: ukitaka kunyolewa upesi, njoo wakati kule kumepoa. Ukija wakati wanawake wamejaa utanyolewa taratibu sana.

Mtaani wanamwita Mama Nusu Kichwa. Nitaeleza jina hilo lilivyokuja, kwa sababu watu wana midomo na kila mmoja anatia chumvi yake. Na niseme mapema kwamba mimi ni mtu wa hasira za karibu. Zinapanda upesi, zinashuka upesi, na katikati hapo huwa nimeshasema neno moja la ziada.

Mama mkwe wangu alifariki kwa saratani ya mlango wa kizazi. Alikuwa mwanamke wa kucheka, akija kwetu nyumba nzima inaamka. Alianza kutokwa na damu wakati ambapo miaka ya damu alishaiaga, akanyamaza. Alijifungia kitambaa akaendelea na kazi zake, mwaka mzima na zaidi. Aliona haya hata kumwambia binti yake wa kumzaa. Alipofikishwa hospitali, daktari alimwita mke wangu pembeni akamuuliza kwa upole, "Mlikuwa wapi siku zote?" Hakuuliza kwa ubaya. Lakini swali hilo mke wangu amelibeba mpaka leo, na usiombe umwone siku linapomrudia.

Baada ya mazishi alirudi saluni akaanza kuwahimiza wateja wake. Kliniki iko hapo ng'ambo, geti la buluu, ukivuka barabara umefika. Uchunguzi ni kila asubuhi, Jumatatu hadi Ijumaa. Nendeni, jamani. Wakaitikia. Msusi ana bahati moja, mteja wake hawezi kumkimbia saa tatu nzima, lazima akae asikie. Lakini kuitikia ni rahisi. "Ndiyo dada, kesho." "Wiki ijayo." "Watoto wakifunga shule." Anawasuka, wanaitikia, wanatoka wamependeza, na barabara hawavuki. Alikuwa akija nyumbani ananung'unika nao peke yake huku anakata vitunguu, utadhani wamo ndani ya sufuria.

Siku jina lilipozaliwa, kwenye kiti chake alikaa mwalimu wa hesabu wa shule ya sekondari. Huyu mwalimu ni mkali. Hata mimi, mtu mzima na masharubu yangu, nikimwona najikuta nimesimama wima. Alikuwa ameahidi kwenda kliniki tangu mwezi wa pili, na sasa tulikuwa mwezi wa nane. Basi kule saluni maneno yakakatika, nikasikia kiti kinalia.

"Mbona umesimama?" Ni sauti ya mwalimu.

"Mikono imechoka."

"Itapumzika mpaka lini?"

"Mpaka utoke hapo ng'ambo."

"Dada, usinitanie. Saa nane nina darasa."

"Sasa hivi saa nne. Si wewe mwalimu wa hesabu? Kliniki dakika arubaini, upande uliobaki saa moja na nusu. Unawahi, na chai unakunywa."

"Nitakwenda kesho!"

"Kesho hiyo unayo tangu mwezi wa pili."

Nikachungulia. Upande wa kulia mistari imelala imenyooka, safi kabisa. Upande wa kushoto nywele zimesimama zote, kila mmoja na njia yake. Nikarudisha kichwa haraka kabla sijaonekana. Mteja niliyekuwa namnyoa akaniuliza kuna nini, nikamwambia nyamaza tusikie.

Mwalimu alifoka. Alitaja polisi, akataja gazeti, akanitaja hata mimi, kwamba ni mume gani asiyeweza kumfunza mkewe adabu. Mke wangu alifungua kabati, akatoa kitambaa cha kichwa chekundu chenye madoa meupe, akamnyooshea. Kisha nikaona mwalimu anavuka barabara, kitambaa kimefungwa kisirani, mkoba kwapani. Alirudi akakaa kwenye kiti bila salamu. Mke wangu akashika chanuo akaendelea alipoishia. Dakika nyingi baadaye ndipo nikasikia:

"Siki."

"Unasemaje?"

"Wanapaka siki! Nesi anapaka siki kidogo, anamulika taa, anatazama, basi. Ameniambia niko salama, nirudi baada ya miaka mitatu. Yaani miezi sita nakosa usingizi, kumbe naogopa siki ya kachumbari!"

Walicheka mpaka chanuo likaanguka. Na sisi upande wetu tukacheka, nikamkata mteja wangu kidogo nyuma ya sikio.

Tangu siku hiyo ikawa ndiyo kawaida. Ila ana masharti yake, watu wasimpakazie. Mwanamke akimwambia wazi kwamba hataki, anamsuka kichwa kizima na hamgusii kliniki tena siku hiyo. Nusu kichwa ni ya wale walioahidi kwa midomo yao mara tatu. Ahadi ya kwanza anaitikia, ya pili anaguna, ya tatu anaweka chanuo chini. Vitambaa navyo viliongezeka, akavitafutia sanduku lake chini ya kioo. Nesi wa ng'ambo anasema anawajua wateja wa mke wangu kabla hawajafungua mdomo: anaangalia tu kama kitambaa kimevimba upande mmoja.

Si wote waliofurahi. Karani mmoja aliondoka na nusu yake, akaenda kumaliziwa mtaa wa pili, akatangaza huko kwamba mke wangu analipwa na kliniki kwa kila kichwa. Uongo mtupu. Mimi nilitaka kwenda kumsomea, mke wangu akanishika shati. Lakini jioni ile alilia. Yule karani mpaka leo akituona anahamia upande wa pili wa barabara, na sisi tumezoea.

Wa kumfuta machozi alikuwa muuza mboga wa pale kona. Yeye alikwenda na nusu kichwa chake, wakamkuta na doa la mapema, wakalitibu, akarudi kwenye nyanya zake. Mpaka leo hatununui kitunguu. Ukimwambia inatosha, anaongeza.

Haya yote nilikuwa nikiyatazama kwa fahari. Niliona nimeoa mtu. Kila mwaka, mwezi ule aliofariki mama yake, mke wangu hurudi nyumbani siku moja akavua viatu na kusema, "Leo nimetoka kliniki." Namuuliza, "Salama?" Anasema, "Salama." Tunakula. Ilikwenda hivyo miaka saba, na mimi sikuwahi kuuliza swali la pili.

Mwaka jana, Ijumaa moja jioni, nesi alikuja dukani kwangu. Yeye naye ana nywele fupi, huja nimchonge kisogo. Alikaa, nikamfunga kitambaa shingoni, akawa anahangaika na vidole vyake.

"Shemeji, nikuulize kitu, usikasirike."

"Nimeshakasirika. Uliza."

"Dada anachunguzwa wapi?"

"Kwenu. Wapi tena?"

Vidole vyake vikatulia. Nikaacha mashine inanguruma hewani.

"Shemeji, habari za wagonjwa wangu mimi sizitoi. Lakini yule si mgonjwa wangu, na hilo ndilo linaloninyima raha. Anakuja na wateja, anawashika mkono, anakaa kwenye benchi mpaka watoke. Nimemwomba mara nyingi. Anasema siku nyingine."

Sijui kisogo kile nilikimaliza vipi. Masikio yalikuwa yanawaka. Miaka saba! Nesi hata hajafika barabarani, nikaingiza kichwa kwenye kidirisha, na kule kulikuwa na wanawake watatu, mmoja chini ya mashine ya kukaushia nywele.

"Ati wewe hujawahi kuchunguzwa?"

Mke wangu aligeuka na kibanio mdomoni.

"Unawapeleka watu, unawaaibisha na nusu vichwa, kumbe wewe mwenyewe mwongo!"

Neno la ziada ndilo hilo. Nililiona likitoka na sikuweza kulirudisha. Wale wanawake walitazama sakafu. Mke wangu alitoa kibanio mdomoni, akakiweka mezani, akaja mpaka kwenye kidirisha. Nilidhani atanijibu. Akasogeza ubao, akafunga.

Kidirisha kile hakijawahi kufungwa mchana tangu kitobolewe. Jumamosi ubao ulifunguka kidogo, mkono ukasukuma kikombe, ubao ukafungwa. Chai haikuwa na sukari. Jumapili nyumbani tulipishana kwenye korido kama wapangaji. Nilitaka kuomba radhi kwa lile neno, lakini kila nikifungua mdomo naona nikiomba radhi tutaishia kucheka, na tukicheka yatapita hivi hivi, naye hatakwenda. Nilikuwa na hofu.

Jumatatu saa tatu asubuhi ndiyo saa yake ya kunyolewa, kila baada ya wiki mbili. Watu wako makazini, yeye siku hiyo hafungui mpaka saa nne. Nilijua hatakuja. Akaja. Alikaa kwenye kiti, akakunja mikono kifuani.

"Nyoa," akasema. Neno la kwanza tangu Ijumaa.

Watu wanasema nilipanga. Sikupanga. Nilianza kwenye sikio la kulia kama siku zote, nikapandisha mashine, nikafika katikati ya utosi, na pale mkono ukasimama wenyewe. Upande wa kulia umeng'aa, upande wa kushoto bado wiki mbili ziko palepale. Nikamwona kwenye kioo, naye akaniona.

"Mbona umesimama?"

"Mikono imechoka," nikasema.

Mungu wangu. Nilidhani atainuka na kiti. Macho yalimtoka, mdomo ukafunguka, ukafungwa. Wakati huohuo mzee seremala, mteja wangu wa saa tatu u nusu, ndiyo kwanza anaingia. Akatutazama mmoja mmoja, akakaa kwenye benchi la mlangoni na kufungua gazeti mbele ya uso wake.

"Usinichezee, Kinyozi," mke wangu akasema polepole.

"Kila mwaka unaniambia umetoka kliniki."

"Nilitoka kliniki. Nilikaa kwenye benchi nikashika watu mikono."

"Benchi halimchunguzi mtu."

"Malizia kichwa changu. Nitakwenda kesho."

Akajisikia mwenyewe. Neno lile lilipotoka, mabega yake yalishuka. Alilitazama kwenye kioo kana kwamba limetoka kwa mtu mwingine, na machozi yakaanza kumtiririka bila sauti, yakapita kwenye vile vipande vya nywele vilivyokuwa vimemshika shavuni.

"Mimi nitakutwa nayo," akasema. "Najua. Nina miguu ya mama, nina meno ya mama, nina kila kitu cha mama. Wakiniambia ninayo, nitafanya nini? Nisipoambiwa, bado sina. Kila nikimpeleka mtu akatoka salama, najisikia na mimi nimetoka salama. Unaniita mwongo. Sikukusudia kukudanganya wewe, nilikuwa najidanganya mwenyewe, wewe ukawa unasikia tu."

Hasira zangu zote zilikwenda wapi, sijui. Nilizunguka mbele ya kiti nikachuchumaa, magoti yakalia.

"Neno lile nisamehe," nikamwambia. "Sikustahili kulisema, tena mbele za watu. Lakini nakuhofia, mama. Ukiondoka wewe, mimi nitaishi vipi? Sijui hata sukari inakaa wapi."

"Kopo la kijani," akasema, analia.

"Kopo la kijani lina chumvi. Nilionja Jumamosi."

Gazeti la mzee seremala lilitikisika.

Nikainuka, nikawasha mashine, nikampa mkononi. "Chukua. Ukitaka kumalizia mwenyewe, malizia, sitakuzuia wala sitasema neno tena maisha yangu. Lakini mkono wangu mimi leo hauvuki katikati."

Aliishika. Mashine ikanguruma mkononi mwake, naye akainyanyua mpaka karibu na sikio la kushoto. Alijitazama sana, mwanamke mwenye nusu kichwa, akiwa sasa amekaa pale alipowakalisha wenzake wote wale.

Kutoka nyuma ya gazeti, mzee seremala akakohoa. "Mama," akasema, "mimi sina haraka. Ndevu hizi zinaweza kungoja."

Mke wangu akazima mashine. Akaiweka mezani, akafungua kitambaa shingoni, akasimama. Nilikimbilia saluni kumletea kitambaa kutoka kwenye lile sanduku, kile chekundu chenye madoa. Akakisukuma.

"Hicho ni cha wanaoona haya. Mimi nina hofu tu. Twende kabla haijanirudisha."

Tukavuka barabara, mimi na koti langu la kinyozi, yeye kichwa wazi, nusu kimenyolewa nusu hakijanyolewa. Magari yalipunguza mwendo. Muuza mboga wa kona alimwona, akaweka mikono kichwani.

"Mama Nusu! Leo ni wewe?"

"Leo ni mimi. Niombee."

Yule mama aliacha nyanya zake hapohapo na kutufuata.

Kwenye benchi la kliniki walikuwa wanawake watano. Walipomwona walicheka kwa pamoja, hawakuweza kujizuia, na wawili kati yao walikuwa na vitambaa vya mke wangu vimevimba upande mmoja tangu Ijumaa, walipokuta kliniki imeshafungwa. "Hata wewe?" mmoja akamuuliza. "Hata mimi. Sogea." Wakasogea. Muuza mboga akamshika mkono wa kushoto, mmoja wa wale wa vitambaa akamshika wa kulia, na mimi nikabaki nimesimama bila mkono wa kushika.

Nesi alipotoka na kumwona, hakusema lolote la ushindi. Alimfungulia mlango tu.

Wengine hukaa ndani dakika kumi. Nilisoma bango la kunawa mikono mara kumi na moja, naweza kulisema kwa kichwa hata sasa. Dakika kumi zikapita. Ikaja ishirini. Muuza mboga aliacha kunitazama. Ndipo mlango ukafunguka kidogo, nesi akatoa kichwa.

"Shemeji, njoo."

Nilijikaza kisabuni, nikaingia. Mke wangu alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, viatu mkononi, analia kwa kwikwi. Nesi akanishika kiwiko akanikalisha.

"Sikiliza vizuri," akasema. "Si saratani. Tumekuta doa dogo, chembe zilizoanza kubadilika. Zikiachwa miaka mingi zinaweza kuwa saratani. Hatukuziacha. Tumeziunguza sasa hivi kwa kifaa chetu kidogo, imekwisha. Atafuata maelekezo niliyompa, na arudi baada ya mwaka mmoja tuangalie tena. Mwaka mmoja, shemeji, sio saba."

Nilimgeukia mke wangu. "Inauma?"

Akatikisa kichwa. "Dakika chache," akasema. "Imechukua dakika chache tu. Mama angekuja mapema ingekuwa hivi hivi. Angerudi nyumbani akapika."

Nilichukua viatu mkononi mwake nikamvisha, nikafunga kamba, tukatoka.

Dukani tulimkuta mzee seremala amekaa palepale. Alikuwa amelinda duka, amewarudisha wateja wawili, na amefagia nywele za asubuhi kwenye kona. Nikamkalisha mke wangu kwenye kiti nikamalizia upande wa kushoto. Nilikwenda polepole. Saa sita ubao wa kidirisha ukasogea, kikombe kikaja, sukari imo vijiko vinne, kwa makusudi.

Na usidhani mimi nilitoka bure. Wakati huo nilikuwa na miaka hamsini na mbili, na daktari wa ng'ambo anayeshughulika na tezi dume huwa anapatikana Jumatano. Niliulizwa nitakwenda lini, nikasema Jumatano ijayo. Nikaulizwa tena. Nikaulizwa mara ya tatu, nikajibu vilevile, mjinga mimi, nikasahau kabisa naongea na nani. Mchana huo nilisinzia kwenye kiti changu mwenyewe baada ya kula. Nilipoamka niliona kwenye kioo masharubu niliyoyalea tangu ujana yamebaki upande mmoja. Nilikwenda kwa daktari na leso mdomoni. Niko salama, ahsante kwa kuuliza. Masharubu hayajarudi sawasawa.

Saluni nayo imebadilika kidogo. Zamani alikuwa akiwasimulia wateja habari za mama yake. Siku hizi anasimulia habari zake mwenyewe, benchi na yote, mpaka pale nilipomwita mwongo, na akifika hapo anapaza sauti makusudi ili nisikie huku. Nusu vichwa vimepungua. Wengi wakishasikia wanavuka wenyewe kabla ya kusukwa, na sanduku la vitambaa kuna siku halifunguliwi.

Mwaka ukapita. Kadi ya miadi alikuwa ameibandika kwenye kioo cha saluni, kila mteja aione. Wiki ile ya mwisho nilimwona anapanga upya kabati lililokwisha pangwa, nikajua. Na mimi nilikuwa nikiamka alfajiri namtazama alivyolala.

Jumatatu yenyewe, saa tatu, aliingia dukani na kadi mkononi. Akakaa kwenye kiti, akajifunga kitambaa mwenyewe.

"Leo nyoa nusu," akasema.

"Nusu ya nini tena? Si unakwenda kwa hiari yako? Miadi unayo, kadi unayo."

"Nakwenda. Lakini naijua miguu yangu. Ikifika kwenye geti itanigeuza. Ninyoe nusu, nikose pa kukimbilia."

Nikawasha mashine. Nilianza kwenye sikio la kulia, nikapandisha taratibu, nikafika katikati ya utosi, nikasimama. Alijitazama kwenye kioo, akashusha pumzi, akainuka.

"Nikusindikize?"

"Kaa na wateja wako. Benchi lile nalijua."

Akavuka peke yake, kichwa wazi. Pale kwenye geti la buluu alisimama kweli. Nikamwona kutoka mlangoni kwangu, mashine mkononi, akapandisha kiganja akajishika ule upande wenye nywele. Kisha akaingia.

Wateja wangu wawili walikuwa wamekaa, hakuna aliyeniambia nimnyoe. Nilisimama mlangoni dakika kumi na mbili, na najua ni kumi na mbili kwa sababu macho yangu hayakutoka kwenye saa ya ukutani. Geti likafunguka. Alitoka ameinua kadi juu ya kichwa kile cha nusu, akaanza kuvuka bila kutazama kushoto wala kulia, gari likampigia honi, akalipungia kadi.

Alikaa kwenye kiti, uso umelowa, meno yote nje.

"Salama?" nikamuuliza.

"Salama. Nimeonana na nesi mwenyewe, nimelala kitandani, siki imepakwa, taa imewashwa, doa halipo. Una swali la pili?"

"Sina."

"Basi malizia, nina wateja."

Nikamalizia.